Wuon Pikipiki

Kwetu upande wa ziwa neno wuon lina kazi mbili. Wuon Seline ni baba yake Seline. Wuon ng'ombe ni mwenye ng'ombe. Baba na mwenye mali ni neno moja, na aliyelitunga hakuwa mwanamke. Mimi naitwa Perez. Nimezaliwa Kano, nimeolewa Kisian, na kwa sababu ya neno hilo moja nilimbeba mume wangu kwenye pikipiki yangu mwenyewe kila Jumamosi kwa karibu miaka mitano, nikimpeleka kwa mke wake wa pili.

Sikwenda shule. Baba yangu alisomesha wavulana, sisi wasichana tukabaki kufukuza ndege kwenye mpunga. Niliolewa na Odindo kwa sababu alikuwa amefika darasa la saba na alifanya kazi ya karani bandarini Kisumu. Alivaa koti hata jua likiwa kali. Watu walinipongeza kwa koti lile.

Mwaka wa 1982 Wazungu wa visima walifungua kambi yao Nyamasaria, nikapata kazi ya kuwapikia. Fundi wao aliitwa Wanyonyi, mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye mikono iliyonuka petroli hata siku ya Jumapili. Alikuwa na pikipiki tatu chini yake, Yamaha za aina ya DT, ndefu miguu kama korongo, matairi yenye meno, ekzosi imeinuliwa juu ili isinywe maji ya mtoni. Wachimbaji walikuwa mbali huko ndani Kano, na chakula changu kilifika kikiwa baridi, kwa sababu gari lilikwama kwenye udongo mweusi kila mvua ikinyesha. Siku moja Wanyonyi alichoka kutumwa.

"Mama Seline," akaniambia, "kuja hapa. Leo utapeleka ugali yako mwenyewe."

"Mimi nipande hiyo? Watu watasema nini?"

"Hii kitu haiulizi kama wewe ni mwanamke. Inauliza tu kama klachi umeshika."

Nilijifunza kwa wiki mbili nyuma ya kambi. Nilianguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Lakini nilipojua, nilijua kabisa, jinsi mtu anavyojua kutembea. Wanyonyi alinifundisha na ndani yake pia: kufungua plagi na kuipiga msasa, kusafisha kabureta kwa kitambaa cha pamba, kusikiliza injini inapolilia mafuta. Alinipeleka mtihani wa leseni. Alama za barabara nilikuwa nimezikariri kwa rangi na umbo, na aliyenitahini aliniuliza kwa mdomo, nikajibu kwa mdomo, nikapita.

Mwaka wa 1986 mradi ulifungwa. Vitu vyao vikapigwa mnada, na wafanyakazi tuliachiwa tuchague kwanza. Wengine walichukua vitanda na masufuria. Mimi nilitoa akiba yangu yote ya jikoni nikachukua pikipiki, ile ya zamani kabisa, ambayo bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu kiti kilikuwa kimepasuka na taa moja haikuwaka. Wanyonyi aliishika usukani akanitazama.

"Umechukua ile nzuri," akasema. "Wengine wameangalia rangi."

Ilibidi iandikwe upya. Nikaenda Kisumu, kwenye ofisi ya magari, na Odindo akanifuata, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma. Karani dirishani alikuwa mzee wa Alego mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amechoka, foleni ilikuwa ndefu. Hakuinua kichwa. Akauliza kwa Kijaluo, "Wuon pikipiki en ng'a?"

Mwenye pikipiki ni nani. Ndivyo alivyouliza. Lakini mimi nilisikia pia lile la pili, baba wa pikipiki ni nani, na pembeni yangu alisimama mwanamume mwenye koti. Kama ningesema ni mimi, ningekuwa nimemwambia mzee yule na foleni nzima kwamba huyu niliyekuja naye si baba kwake. Mama yangu hakunilea hivyo. Nikaangalia chini, nikanyoosha kidole kwa Odindo, nikasema, "En ma." Ni huyu.

Odindo alikohoa kidogo. Karani akaandika kwenye logbook, kitabu cha pikipiki.

Nilidhani nimetoa heshima tu. Ni kama firigisi ya kuku. Kuku ni wako, umemfuga wewe, umemchinjisha wewe, lakini firigisi unamwekea mume kwenye sahani yake. Ila firigisi ikiliwa imekwisha. Kile kilichoandikwa siku ile hakijaisha mpaka leo.

Miaka minne iliyofuata ilikuwa yangu. Nilinunua samaki ufuoni, wale waliopasuliwa na kukaushwa juani, ambao tunawaita obambla, nikafunga magunia mawili kila upande, nikatoka Kisian alfajiri. Mjini, Nyamasaria, Ahero, Awasi, kisha ndani, kwenye masoko ambako lori halifiki. Wakati wa mvua wanawake wengine walikaa nyumbani kungoja udongo ukauke. Mimi nilipita juu ya kingo za mifereji ya mpunga, upana wa mikono miwili, maji huku na maji huku, gia ya pili, polepole, miguu nje. Sikuwahi kulowesha gunia.

Maneno yalikuwepo. Ufuoni waliniita Sista, kwa sababu masista wa misheni ndio wanawake pekee waliowahi kuwaona juu ya pikipiki. "Sista, utatuombea lini?" Adero, aliyenipimia samaki, alikuwa na mdomo kuliko wote. Aliona nimefunga kanga juu ya suruali ya zamani ya Odindo akapiga makofi.

"Perez, hiyo kitu umeikalia ama imekukalia?"

"Tumekaliana," nikamwambia. "Pima samaki."

Halafu kuna siku moja ninayotaka kuisema, kwa sababu ndiyo iliyoniharibia. Niliuza mapema Awasi. Magunia yalikuwa matupu, tangi lilikuwa na petroli, na jua lilikuwa bado halijafika katikati. Nikageuza upande wa Nyakach badala ya nyumbani. Sikujua ninakwenda wapi mpaka nilipofika chini ya Nyabondo, pale barabara inapopanda mlima kwa mawe matupu. Nikapanda. Mawe yalirukaruka chini ya matairi kama vyura. Nilisimama juu ya vikanyagio jinsi Wanyonyi alivyonifundisha, magoti yakanywa ile mishtuko, na ile ya zamani yenye kiti kilichopasuka ikapanda bila kulalamika. Juu nikazima. Uwanda wote wa Kano ulikuwa chini yangu, na ziwa mbele yake, na kwa mbali vilima vya kwetu Kisian vikiwa vidogo kama mafiga. Nilinunua mapera kwa mwanamke mmoja njiani, nikala nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyeningoja. Nilikuwa na miaka thelathini na tano na sijawahi kufika mahali bila kazi.

Kuna mtu aliniona. Habari ikafika Kisian kabla ya wiki kuisha.

"Nyabondo ulikwenda kwa nani?" Odindo akaniuliza.

"Si kwa mtu."

"Mwanamke anapanda mlima kwa nani?"

"Nilikwenda kuangalia."

"Kuangalia nani?"

Ningemwambia nina mpenzi kule angenielewa, angenipiga, yangeisha. Lakini nilimwambia ukweli, na ukweli huo haukuwa na mahali pa kuingia kichwani mwake. Alikaa nao. Kesho yake alijaribu kuendesha pikipiki mwenyewe, bila kuniuliza klachi iko wapi. Ikaruka naye mpaka kwenye ua wa mnyaa, utomvu wake ukamwingia machoni, akakaa siku tatu akiwa amefungwa kitambaa huku mimi nikimwosha macho kwa maziwa. Tangu hapo hakuigusa. Ila nafikiri ndipo alipoikumbuka ile logbook. Aliitoa kwenye sanduku letu akaiweka kwenye lake, lenye kufuli.

Mwaka wa 1990 bandarini walipunguza watu, naye akapunguzwa. Mwaka huohuo akaoa Lornah, mwenye kibanda cha chai Awasi, akamjengea hukohuko. Sikukataa. Mwanamke hakatai kitu kama hicho kwetu, anaarifiwa tu. Lakini sasa Odindo akawa nyumbani mchana kutwa, na alitaka kujua kila saa yangu, nimepita wapi, nimesimama wapi, kwa nini petroli imepungua. Seline alikuwa ameshaolewa. Nikaona hakuna kinachonishika. Nikatafuta chumba Ahero. Asubuhi moja nikafunga gunia moja la samaki upande huu, na upande ule nguo zangu, sufuria mbili na blanketi. Nikaondoka kama siku yoyote.

Mbele ya Nyamasaria polisi walikuwa wameweka kizuizi. Walinijua, kila wiki walinipungia mkono. Siku hiyo mmoja alisimama mbele yangu.

"Mama, hii pikipiki imeripotiwa imeibwa."

"Imeibwa na nani?"

Akaona aibu kidogo. "Na wewe."

Nilipelekwa kituoni. Sajenti aliyekuwa zamu aliitwa Shitanda, mtu mzima, mpole. Odindo alifika saa nne na koti lake, bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa ameona nafasi ya sufuria rafuni, akaelewa, akawapigia polisi simu. Shitanda akatoa kitabu ndani ya bahasha, akakisoma, akanigeukia.

"Mwenye pikipiki ni nani?"

Safari hii nilijibu. "Ni mimi."

"Kitabu kinasema Odindo."

"Kitabu kiliandikwa nikiwa nimesimama pale pale."

"Ulikuwa umesimama. Na ulisema nini?"

Nikanyamaza. Odindo alikuwa anaangalia dari.

"Mama," Shitanda akasema, "mimi nakuamini. Lakini hapa siandiki kile naamini." Akamgeukia Odindo. "Mzee, unataka tumshtaki?"

"Hapana, Afande. Ni mke wangu. Nataka tu arudi nyumbani na pikipiki yangu."

"Basi endesheni muende."

Tukatoka nje. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa chini ya ukuta, mizigo yangu bado imefungwa. Odindo aliizunguka mara moja, akakumbuka mnyaa. Sisi wawili tukasimama pale, yeye na ufunguo aliokabidhiwa na polisi, mimi na miguu yangu inayojua. Mwisho akanipa ufunguo. Nilipiga teke, ikawaka. Mtu aliyeniibia akapanda nyuma yangu, juu ya blanketi langu, akanishika mabega ili asianguke.

Ndivyo ilivyoanza. Ufunguo alikaa nao yeye, kwenye mfuko wa ndani wa koti. Siku za soko alinipa, jioni nikarudisha. Nyabondo sikuiona tena. Na Jumamosi, baada ya chai, alitoka nje amejipaka mafuta, akasimama kando ya pikipiki akiningoja. "Nyar Kano, twende," akaniita kwa kwetu, binti wa Kano. Kisian mpaka Awasi, nikimbeba mume wangu kwa mke mwenzangu. Mjini vijana walipiga miluzi. Ufuoni hawakuniita Sista tena. Adero peke yake ndiye hakunitania. Alinipimia samaki akiangalia mizani.

Lornah alikuwa mdogo kwangu miaka kumi, mnene, mwenye macho mazuri. Mara ya kwanza alitoka na kikombe mkononi.

"Mikayi, shuka unywe chai." Mikayi ni mke wa kwanza. Aliniheshimu, sitamsingizia.

"Injini ikiwa moto haiachwi."

Akacheka. "Sasa wewe ni mke ama dereva?"

"Muulize mwenye kitabu."

Odindo alikuwa ameshaingia ndani kuvua viatu. Lornah akasogea karibu, akagusa kile kiti ambacho nilikuwa nimekishona kwa ngozi ya ng'ombe.

"Aliniambia ni yake," akasema. "Alikuja hapa siku ya soko, akaagiza chai, akaonyesha nje kwa kidole. Akasema, hiyo ni yangu, huyo mwanamke namwachia tu abebee samaki. Ndiyo nikamkubali. Nilijua nitakuwa napanda."

"Bado unaweza kupanda."

"Wapi?" akasema. "Nafasi ya nyuma ni yake."

Tulicheka, sote wawili, na sikupenda kwamba tulicheka. Nikanywa ile chai.

Mwaka wa 1993 nilijiandikisha gumbaru, madarasa ya watu wazima kanisani. Wenzangu walitaka kusoma Biblia. Mimi nilitaka kusoma kitabu kimoja chenye kurasa chache. Siku Odindo alipokiacha mezani, akidhani bado mimi ni kipofu, nilikifungua nikafuata kwa kidole. O, DI, NDO. Neno la kwanza nililolisoma bila mwalimu. Wanyonyi alikuwa ameniambia kuwa jina hubadilishwa, ila mwenye kuandikwa sharti atie sahihi. Nikamwomba Odindo siku hiyohiyo.

"Nisainie. Uendelee kupanda. Sitakunyima. Nataka tu jina."

Alifikiri kweli. Sitasema hakufikiri.

"Nikikusainia, wewe utakuwa wuon," akasema. "Na mimi nitakuwa nani?"

Dada yangu alikuwa akiniuliza, kwa nini husikii, acha hicho chuma, rudi Kano. Nilimjibu kwamba mtu huyu hajui hata plagi iko wapi. Nikiondoka, mvua moja tu, kutu itaanza chini ya tangi. Nilikaa kwa sababu ya pikipiki. Odindo alijua. Mlango wa nyumba yake hakuwahi kuufunga. Aliufunga ufunguo tu.

Mwaka wa 1995 akasema anaiuza. Mnunuzi alikuwa Wasike, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Busia, aliyetaka kitu cha kupita vichochoro vya mpakani. Angekuja Jumatano. Usiku kucha niliwaza, asubuhi nikawa nimepata. Chini ya tangi kuna koki ya petroli, ndogo kama kidole cha mtoto. Ukiifunga, injini itawaka kwa petroli iliyobaki chini, kisha itakufa, na haitawaka tena hata ukiipiga teke mpaka mguu uvimbe. Asiyejua ataona imekufa. Odindo hakujua. Nilipomaliza kuosha vyombo nilimwomba Odindo ufunguo, nikasema naipasha moto kwa ajili ya mnunuzi, nikaiwasha, nikafunga koki, nikaiacha ife yenyewe. Wasike angeiona mzoga, angerudi Busia.

Alikuja saa tano, mrefu, mwenye kofia, pamoja na rafiki yake. Wakanywa chai. Kisha wakatoka, Odindo mbele.

"Nani mwenye pikipiki?" Wasike akauliza, kwa adabu tu, kama anayesalimia.

"Mimi," akasema Odindo.

"Hebu iwashe, Mzee."

Odindo akaniangalia. "Huyu ndiye anaiwasha."

Nikapiga teke. Kimya. Nikapiga tena, tena, kwa nguvu, kama mtu anayejitahidi. Wasike akapiga naye, teke ishirini, akatoa kofia, akafuta jasho. Jasho lilimtoka na Odindo pia. Moyo wangu ulikuwa unacheka.

Ndipo yule rafiki yake akainama, akalipiga tangi kwa kofi, likalia kama debe.

"Twende zetu, ndugu yangu," akasema. "Hii ni mkweche. Hata ingewaka, si ya kufika mahali. Mtu alikuwa anabebea tu samaki, hajui kitu, ameiua. Tutapata mtu wa vyuma vikuukuu aje kuichukua kwa kilo."

Sijui niseme nini juu ya hapo. Ningenyamaza wangeondoka. Walikuwa wameshageuka, Wasike ameshavaa kofia. Ningenyamaza, kama nilivyoinamisha macho dirishani, kama nilivyonyamaza kituoni, na safari hii kunyamaza kungenifaa. Lakini nilikuwa nimeipandisha Nyabondo. Nilikuwa nimeipitisha juu ya mifereji miaka tisa bila kulowesha gunia.

"Nani ameiua?" nikasema.

Nikachuchumaa, nikageuza koki. Nikangoja kidogo petroli ishuke. Nikapiga teke moja. Ikawaka, ikatulia, ikasimama pale ikinguruma taratibu kama paka aliyelishwa, na moshi wake ulikuwa mwembamba, wa samawati, moshi wa injini safi.

Wasike aliniangalia muda mrefu. Aliielewa ile koki.

"Mama," akaniuliza mimi, si Odindo, "ina kasoro gani?"

Hapo pia ningedanganya. "Gia ya pili," nikamwambia. "Usiibane kwa haraka, italia. Breki ya nyuma ishikwe kwanza. Mafuta ya injini yasipungue hata siku moja, usimsikilize mtu akikwambia itaenda. Na ukiilaza nje, ifunike kiti, ni ngozi."

Wakaenda ndani na Odindo. Nilibaki nayo nje. Sikuigusa. Waliporudi, bahasha ya kaki ilikuwa kwa Wasike. Akapanda, akaniinamishia kichwa, akaachia klachi.

Nilisikia gia ya kwanza mpaka kwenye lango. Kisha akaibana ya pili kwa haraka, vilevile nilivyomkataza, nayo ikalia. Nikakimbia mpaka barabarani nikapiga kelele, "Polepole! Polepole!" lakini alikuwa ameshapita maduka ya Kisian, anashika njia ya Busia.

Odindo alikuwa amesimama mlangoni, koti begani.

"Nyar Kano," akasema, "rudi ndani. Wageni wameacha vikombe."